Kongamano la Walimu wa Msingi na Njia Yake Hadi Darasani

Kongamano la kuwaendeleza walimu wa shule za msingi ni mkutano wa kikazi unaowakusanya walimu waliokwisha kufuzu na kuajiriwa, kwa siku moja hadi wiki nzima, ili wajifunze mbinu mpya za kufundisha, waelezwe mabadiliko ya mtaala na walinganishe kazi zao. Anayehudhuria tayari ana cheti, ana darasa, na mara nyingi ana miaka mingi mbele ya ubao. Anachokifuata ni kile ambacho chuo hakikumpa, au alichopewa na chuo kikachakaa. Nchini Kenya mikutano ya namna hii ina ngazi nyingi, kuanzia kikao cha kanda kinachokutanisha shule chache jirani hadi mkutano wa kitaifa unaojaza ukumbi mkubwa Mombasa. Kwa shule za mahali kama Mukuyuni, kaunti ya Makueni, ngazi zote hizo zina maana, kwa kuwa maarifa yanayotoka juu hupitia kila moja kabla ya kumfikia mtoto wa Gredi ya 3.

Sheria imeliweka jambo hili wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 237, iliifanya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) kuwa tume ya kikatiba, ingawa ilikuwapo tangu 1967. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 ikaenda mbele zaidi: kila mwalimu aliyesajiliwa anatakiwa ashiriki programu za kujiendeleza kitaaluma. Kujiendeleza kumekuwa sharti la kazi. Serikali ya kaunti, ambayo watu wengi huidhani kuwa ndiyo yenye shule, imekabidhiwa elimu ya chekechea, si shule za msingi. Mwalimu wa shule ya msingi ya Mukuyuni huajiriwa, hupandishwa cheo na huagizwa kwenda mafunzoni kutoka Nairobi, kupitia ofisi za TSC za kaunti na kaunti ndogo.

Historia ya mafunzo ya walimu walioko kazini ni ndefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Tangu miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vituo vya ushauri kwa walimu, vyumba vilivyotengwa katika baadhi ya shule, vyenye vitabu, chati na mshauri aliyezunguka shule za kanda yake. Walimu walimwita mshauri huyo TAC tutor, na wazee wa kazi bado humwita hivyo hata baada ya cheo chake kubadilishwa kuwa afisa wa kusaidia mtaala, yaani CSO. Mwaka 2001 ukaja mpango wa kitaifa wa kuwaendeleza walimu wakiwa shuleni kwao. Katika mpango huo, ulioitwa SbTD, mwalimu aliyeteuliwa kuwa kiongozi wa somo, kama Kiingereza, hisabati au sayansi, alisoma vitabu vya kujifundisha mwenyewe, akakutana na wenzake na wakufunzi wakati wa likizo, kisha akarudi kuwaongoza walimu wa shule yake. Mpango huo ulikuwa umekwisha kuanza wakati elimu ya msingi bila malipo ilipoingia Januari 2003, madarasa yakafurika, na mbinu za kufundisha watoto thelathini zikashindwa kuwatosha watoto themanini.

Makueni ina nafasi ya pekee katika historia hiyo. Mwaka 1998 serikali ya Kenya na shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, JICA, zilianzisha mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Wilaya tisa zilichaguliwa kwa majaribio, na Makueni, iliyokuwa imemegwa kutoka Machakos miaka sita tu kabla ya hapo, ilikuwa mojawapo. Mradi ulipoenea nchi nzima kuanzia 2003, walimu wa Makueni walikuwa wamekwisha kuuzoea. Kati ya 2009 na 2013 ukashushwa hadi shule za msingi, huku kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kikiwaandaa wakufunzi.

Wazo la mradi huo bado linasikika katika kila warsha nzuri ya walimu, hata pale mwezeshaji asipolitaja kwa jina. Somo lipangwe kwa shughuli badala ya maelezo matupu. Mwanafunzi awe katikati badala ya mwalimu. Majaribio yafanywe na watoto wenyewe. Na vifaa vinavyokosekana vitengenezwe kwa vinavyopatikana. Kisha mwalimu afuate mzunguko wa hatua nne: apange, atende, atazame matokeo, aboreshe. Kwa shule isiyo na maabara, hatua ya kutengeneza vifaa ndiyo yenye faida ya haraka zaidi. Embe, ambalo Makueni hulivuna kwa wingi, hugawanywa kufundisha sehemu. Mtungi wa lita ishirini wa kuchotea maji, kifaa kisichokosekana katika boma lolote la Ukambani, hufundisha ujazo vizuri kuliko mchoro wa kitabuni, kwa kuwa mtoto ameubeba na anaujua uzito wake. Vifuniko vya chupa, kunde na mawe madogo huhesabiwa, hupangwa na kujumlishwa. Mwalimu aliyetoka kongamanoni akiwa na wazo moja la aina hii amepata kitu asichohitaji kukiombea bajeti.

Mabadiliko ya mtaala yaliyaongezea makongamano haya uzito. Mtaala wa umilisi, CBC, ulifanyiwa majaribio mwaka 2017, na Januari 2019 ukaanza rasmi katika madarasa ya chekechea na Gredi ya 1 hadi ya 3. Mwalimu aliyezoea mtaala wa 8-4-4, ambamo mtihani wa darasa la nane uliamua kila kitu, sasa alitakiwa kumpima mtoto mwaka mzima kwa kazi za mikono, miradi na maelezo ya maandishi kuhusu uwezo wake. Mafunzo yalifanywa wakati wa likizo, kwa siku chache kila mara, na Aprili 2019 yakaingia katika mvutano mkali: chama cha walimu cha KNUT kiliyapinga, kikidai kwamba mtaala uliharakishwa na walimu hawakuandaliwa ipasavyo. TSC ilishikilia kwamba kuhudhuria ni wajibu. Chama kilikuwa na hoja nzito. Siku chache ukumbini hazitoshi kumbadilisha mtu aliyefundisha kwa njia moja miaka ishirini, na walimu wengi walirudi wakijua majina ya mambo mapya bila kujua namna ya kuyafanya.

Kongamano lenyewe huenda hivi. Asubuhi kuna usajili: mwalimu anaandika jina, shule na nambari yake ya TSC, anapewa ratiba na kitini. Sala hufungua kikao, kisha maafisa wa elimu hutoa hotuba, ambazo mara nyingi hula muda mrefu kuliko ulioandikwa. Baadaye huja mhadhara mkuu wa siku, na baada ya chai washiriki hugawanyika vikundi kwa masomo au kwa gredi. Kazi ya kweli hufanyika katika vikundi hivi. Mwezeshaji mzuri hawahutubii walimu. Huwaketisha kama wanafunzi na kuwafundisha somo halisi, kisha huwauliza waliona nini, walikwama wapi na mtoto wao angekwama wapi. Mwezeshaji dhaifu husoma maandishi yanayoonyeshwa ukutani neno kwa neno. Mwalimu mwenye uzoefu hutambua tofauti hiyo ndani ya dakika kumi.

Kando ya ukumbi, hasa katika mikutano mikubwa, wachapishaji wa vitabu huweka meza zao na kuonyesha vitabu vya kiada, miongozo ya mwalimu na vifaa vya kidijitali. Ni nafasi nzuri ya kulinganisha vitabu. Yafaa tu kukumbuka kwamba anayeonyesha ana bidhaa ya kuuza, na kwamba kitabu kilichoidhinishwa kwa matumizi ya shule ni kile kilichopitishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD.

Mkutano unaojulikana zaidi ni ule wa mwaka wa chama cha walimu wakuu wa shule za msingi, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa jina la KEPSHA, ambao kwa desturi hufanyika Mombasa mwishoni mwa mwaka, shule zikiwa zimefungwa. Maelfu ya walimu wakuu hukusanyika huko, nao wakuu wa wizara na wa TSC huutumia kutangaza sera. Kwa mwalimu mkuu wa Makueni safari ni ndefu lakini si ngumu kama zamani: tangu treni ya reli mpya ilipoanza kazi mwaka 2017, kuna vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei, vyote ndani ya kaunti, na barabara kuu ya Mombasa inapita hapo hapo. Kitu kinachomlemea ni wakati. Novemba na Desemba ni miezi ya mvua za vuli, mvua ambazo Ukambani huzitegemea kuliko zile za masika, na mwalimu wa kijijini ni mkulima pia. Mahindi na kunde hazingojei kikao kimalizike.

Mkutano wa walimu wakuu hautoshi peke yake, kwa sababu aliyeketi ukumbini si yule anayeshika chaki katika Gredi ya 2. Utaratibu unaotumika katika nchi nyingi ni wa kushusha mafunzo kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa huwafundisha wa kaunti, wa kaunti huwafundisha wawakilishi wa shule, na mwakilishi huwafundisha wenzake. Faida yake ni kwamba walimu wengi hufikiwa kwa gharama ndogo. Hasara yake ni kwamba kila ngazi hupunguza kitu, kama maji yanayopokezanwa kwa kata kutoka kisimani hadi juu ya kilima. Mafunzo yaliyokuwa ya wiki moja kule juu huwa ya siku mbili kwenye kaunti, na yanapofika shuleni huwa tangazo la dakika kumi na tano wakati wa chai ya saa nne. Mazoezi ndiyo yanayokatwa kwanza na maelezo hubaki, ilhali mazoezi ndiyo yaliyokuwa na thamani.

Kenya imekwisha kupima njia nyingine na kupata jibu. Kati ya 2011 na 2014 wizara ya elimu iliendesha mradi wa majaribio wa kusoma na hisabati katika madarasa ya mwanzo, ulioitwa PRIMR, kwa msaada wa Marekani na Uingereza. Shule ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilipata mafunzo ya walimu pamoja na kutembelewa na washauri. Nyingine ziliongezewa vitabu vya wanafunzi. Nyingine zikapata vyote hivyo pamoja na mwongozo wa mwalimu unaopanga somo hatua kwa hatua. Shule zilizopata vyote vitatu ndizo zilizofanya vizuri zaidi, na kwa hesabu ya faida iliyopatikana kwa kila shilingi, njia hiyo ilikuwa pia na nafuu zaidi. Mafunzo yakiachwa peke yake yana mkono mfupi.

Sehemu ya majaribio hayo ilifanyika jirani kabisa na Mukuyuni. Katika kaunti ya Machakos, na katika Bungoma kwa upande wa magharibi, walimu walifundishwa na kupewa vitabu vya kusomesha kwa lugha ya nyumbani, Kikamba kwa Machakos na Kibukusu kwa Bungoma. Watoto waliofundishwa hivyo walisoma lugha yao vizuri zaidi kuliko wenzao. Jambo hili linapaswa kupewa nafasi katika kila warsha ya walimu wa madarasa ya chini Ukambani. Sera ya Kenya inaruhusu, tena inahimiza, lugha ya eneo itumike katika miaka ya kwanza vijijini, lakini mwalimu aliyesomea kila kitu kwa Kiingereza huhitaji kuonyeshwa namna ya kufundisha kusoma kwa Kikamba: sauti zake, silabi zake, na maneno ambayo mtoto anayo tayari kinywani.

Kutokana na PRIMR ukazaliwa mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza 2015 katika shule zote za umma. Tusome uliwapa watoto wa madarasa ya mwanzo vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, kila mtoto na chake, ukawapa walimu miongozo, na CSO wakapewa tableti. Afisa huyo aliingia darasani, akakaa nyuma, akalitazama somo, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu mara tu kipindi kilipokwisha. Mazungumzo hayo mafupi yalikuwa muhimu kuliko hotuba nyingi, kwa sababu yalihusu somo lile lile, watoto wale wale, asubuhi ile ile. Warsha ilianzisha jambo na ziara ikalikamilisha. Tatizo ni idadi: kanda moja ina shule nyingi, barabara za vilimani huharibika mvua zinaponyesha, na pikipiki huhitaji mafuta.

Njia nyingine, inayotumika katika nchi kadhaa, ni kuyaleta mafunzo shuleni kwenyewe. Japani walimu wamekuwa na desturi, tangu karne ya 19, ya kupanga somo pamoja, mmoja kulifundisha huku wengine wakitazama, kisha wote kulijadili na kuliboresha. Kupitia ushirikiano na JICA, njia hii imefika Kenya pia. Tanzania imejenga mpango wake, MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, juu ya vikundi vya walimu wanaokutana katika shule yao wenyewe kwa ratiba maalumu. Uganda, kuanzia miaka ya 1990, iliwatumia wakufunzi wa vyuo vya ualimu waliotoka chuoni kwenda kwenye shule za eneo lao. Hakuna hata moja ya nchi hizi iliyofuta makongamano. Zimeyapa tu kazi yanayoiweza: kuleta wazo jipya, kukutanisha watu, na kumtoa mwalimu kwenye upweke wa shule ndogo ambamo huenda yeye pekee ndiye anayefundisha gredi yake.

Upweke huo hautajwi vya kutosha. Mwalimu wa shule ndogo ya kijijini anaweza kumaliza muhula mzima bila mtu mzima mwingine kumwona akifundisha. Akikutana na mwenzake kutoka upande wa pili wa kaunti, aliyekwama kwenye somo lile lile la kugawanya kwa tarakimu mbili na akapata njia, hupata msaada ambao kitini hakiwezi kuutoa. Walimu wengi huondoka kongamanoni wakiwa na kundi jipya la WhatsApp, na makundi hayo huendelea kubadilishana maandalio ya kazi, picha za chati na maswali ya usiku muda mrefu baada ya cheti kuwekwa kwenye faili.

Shule inayotaka kunufaika hujiandaa kabla. Badala ya kumtuma mtu kwa zamu tu, hukubaliana ni tatizo gani linaisumbua, kwa mfano watoto wa Gredi ya 4 wasioelewa wanachosoma, na kumtuma yule anayeishi na tatizo hilo. Anayekwenda hubeba daftari mbili tatu za wanafunzi, kwa kuwa daftari la mtoto hueleza shida vizuri kuliko maneno. Wakienda wawili, hugawanyika vikundi. Akirudi, hapewi dakika chache za kutoa ripoti, bali hufundisha somo moja kwa njia mpya mbele ya wenzake, darasani, watoto wakiwapo. Mwalimu mkuu hutenga kipindi kimoja kwa ajili hiyo na huhakikisha madarasa mengine yana mtu. Baada ya wiki kadhaa huuliza tena: njia ile bado inatumika? Kama imeachwa, iliachwa kwa nini? Mara nyingi sababu ni ndogo na inaweza kuondolewa, kama kukosekana kwa karatasi ngumu za kuandikia kadi za maneno.

Suala la malipo ndilo lililoleta uchungu mwingi zaidi. Septemba 2021 TSC ilizindua mpango wa mafunzo ya kujiendeleza kwa walimu wote, TPD, ukiwa na moduli sita, kila moja ikichukua miaka mitano, hivyo kazi nzima ya mwalimu ingekuwa ndani yake. Taasisi nne ziliidhinishwa kufundisha: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na taasisi ya usimamizi wa elimu ya KEMI. Mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Walimu walilalamika mara moja, na walikuwa na haki. Mwalimu wa Mukuyuni anayelipa karo ya watoto wake na nauli ya kila siku aliambiwa anunue kitu ambacho sheria imemlazimisha kuwa nacho.

Pendekezo la ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, siku ambayo sasa huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Walimu, linasema kwamba mafunzo ya walimu walioko kazini yanapaswa kupatikana kwa walimu wote bila malipo. Pendekezo hilo ndilo la haki. Nchi inayotaka walimu wake wajiendeleze inapaswa kulipia ukumbi, nauli na mwezeshaji, na hasa ilipie mafuta ya pikipiki ya CSO, ili afike kwenye shule ya mwisho kilimani na kukaa nyuma ya darasa somo likiendelea.